Pochi ya Mama Iko kwa Jina la Nani?

Mwezi huu naomba tuweke kando habari za homa na chanjo, tuzungumze juu ya simu ya mkononi, maana siku hizi hata kliniki mama akifungua mkoba, kadi ya mtoto inatoka baada ya simu.

Huku kwetu Kahe, tambarare chini ya mlima, tunaishi kwa mpunga, mahindi, vitunguu na nyanya. Zamani mlanguzi alikuja na lori lake na bei yake kichwani. Ukilalamika kwamba bei ni ndogo, anakuambia soko la Moshi limejaa nyanya mpaka zinamwagwa. Nawe ungejuaje? Nyanya haingoji mtu aende Moshi kuuliza na kurudi. Leo mama aliye shambani Chekereni anampigia ndugu yake wa Mbuyuni au Himo kabla hajajaza tenga la kwanza, na mwenye simu janja anatumiwa picha ya soko kwa WhatsApp. Mlanguzi bado yupo, na lumbesa bado ipo, lakini sasa wanaopatana bei wote wawili wanaijua.

Kilichotubadilisha zaidi ni fedha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008, kisha mitandao mingine ikafuata. Kabla ya hapo mtoto aliyeko Dar es Salaam alimpa kondakta wa basi bahasha, na mama akashinda kituoni akichungulia kila basi. Sasa ujumbe unaingia ukiwa unapalilia. Serikali ilipoweka tozo ya miamala Julai 2021 wengi walirudi kufunga noti kwenye pindo la khanga, lakini tozo ilipopunguzwa walirudi kwa wakala.

Mimi kama muuguzi nimeona faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Mjamzito akishikwa na uchungu wa hatari usiku wa manane, shida yetu ya siku zote ilikuwa nauli. Dereva hataki kuwasha gari bila fedha mkononi, na baba hana. Mpango wa m-mama, ambao serikali ilianza kuueneza nchi nzima mwaka 2022, umelegeza fundo hilo. Unapiga 115 bila malipo, hata salio likiwa sifuri. Kama gari la wagonjwa liko mbali, anaitwa dereva wa jirani aliyeandikishwa, naye analipwa nauli yake kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Ni kwa mjamzito, kwa aliyejifungua karibuni, na kwa mtoto mchanga. Iandike 115 ukutani karibu na kitanda, maana usiku wa uchungu mtu husahau hata jina lake.

Basi, pochi ya mama imehamia ndani ya simu. Ninalouliza ni kwamba hiyo laini imesajiliwa kwa jina la nani?

Mnakumbuka mwaka 2019 tulipoambiwa tusajili laini upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Foleni zilikuwa ndefu, na akina mama wengi hawakuwa na namba hiyo. Njia rahisi ikawa baba aweke kidole chake, au kijana mkubwa, au shemeji. Laini ikapona, mama akaendelea na biashara yake, na jambo likasahaulika.

Namfahamu mama mmoja, muuza mchele, aliyefanya hivyo. Kwa miaka mitatu mauzo yote yaliingia kwenye laini ya jina la mumewe, na ndani yake mlikuwa na mtaji wake wote. Mume akafariki ghafla. Msiba haujaisha, wakubwa wa ukoo wakasema fedha iliyo kwenye laini ya marehemu ni ya marehemu, na kwa karatasi walikuwa na haki. Ilibidi kingoje cheti cha kifo, kikao cha ukoo, na mahakama ya mwanzo imthibitishe msimamizi wa mirathi. Muda wote huo mwenye jasho alikuwa akikopa chumvi dukani na wateja wake wakinunua kwa mwingine. Mumewe hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa amemsaidia mkewe siku ya foleni, basi.

Kuna na habari ya namba ya siri. Nimesimama kwa wakala nikasikia bibi akiambiwa, "Bibi, nitajie namba nikubonyezee," naye anaitaja kwa sauti, foleni nzima inasikia. Kliniki tumefundisha miaka mingi kwamba wembe hauazimwi. Namba ya siri ni hivyo hivyo. Kama macho hayaoni vitufe, aende na mjukuu anayemwamini. Na wale wanaoandika "ile hela itume kwenye namba hii" wanategemea tu kwamba katika watu mia yupo mmoja aliyekuwa anadaiwa kweli. Ujumbe huo usijibu, upeleke namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Wengine mtaniuliza, je, nimfiche mume? Sijasema hivyo. Kiasi kilichomo na ajue, mpangie pamoja ada na mbolea. Mimi nazungumzia jina lililo kwenye laini. Hata vikundi vyetu vya VICOBA vinalijua hili tangu enzi za sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu. Wanaotumia M-Koba, iliyoanza mwaka 2019, wamehamishia sanduku lile kwenye simu: kila mwanachama anapata ujumbe fedha inapoingia, na haitoki mpaka viongozi waidhinishe.

Kwa hiyo leo jioni bonyeza *106# uone laini ngapi zimeandikishwa kwa namba yako ya NIDA. Usiyoitambua, omba ifungwe. Kama unayoitumia haimo, iko kwa jina la mwingine. Wapo wanaoogopa kubadili kwa sababu wateja wameshaizoea namba. Namba haibadiliki, kinachobadilika ni mwenyewe. Nendeni wote wawili kwenye duka la mtandao wenu, wewe na aliyekusajilia, kila mtu na namba yake ya NIDA na kidole chake, mseme mnataka kubadili umiliki. Kama bado huna namba ya NIDA, anzia kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua, na usingoje msimu wa mavuno uanze ndipo ukumbuke.