Ufa Tunauona, Lakini Mwenye Ukuta ni Nani?

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tunaijua sote, na watoto wetu huiandika katika insha kila mwaka. Lakini nadhani wahenga walikuwa wakisema na mtu mwenye nyumba yake, ambaye ukuta ukianguka humwangukia yeye mwenyewe. Hawakutuambia mambo huwaje pale ambapo anayeuona ufa hana fedha, mwenye fedha hauoni, na atakayeangukiwa ni mpita njia.

Nasema haya kwa sababu ya kompyuta za ofisini. Siku hizi benki, hospitali na idara za serikali haziwezi kufanya kazi bila kompyuta, na ndani ya nyingi kati ya hizo mna programu zilizokwisha kuzeeka. Programu ikizeeka, kampuni iliyoitengeneza huacha kuitolea viraka, yaani marekebisho ya kuziba matundu yanayogunduliwa ndani yake. Tangu hapo kila tundu jipya hubaki wazi, na wezi wa mitandaoni hulifahamu. Watu wengi husema ofisi zinazong’ang’ania programu kama hizo zina wakuu wajinga. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Wakubwa hao wanajua.

Tuchukue mfano wa Uingereza. Tarehe 12 Mei, 2017, programu ya wahalifu iliyoitwa WannaCry ilizuka na kuvamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 100. Ilifunga mafaili na kudai dola 300 kwa kila kompyuta kabla ya kuyafungua. Katika eneo la England, mashirika ya hospitali za umma yasiyopungua 80 kati ya 236 yalitatizika. Inakadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa, na katika sehemu tano wagonjwa wa dharura walilazimika kusafiri mbali zaidi kutafuta matibabu. Mwaka 2018 Wizara ya Afya ya huko ilikadiria hasara kuwa pauni milioni 92.

Je, hawakuonywa? Walionywa sana. Mwaka 2014, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP, serikali iliziandikia hospitali iwe zimejipanga kuiacha kufikia Aprili 2015. Kabla ya shambulio, mashirika 88 yalitembelewa na wakaguzi wa usalama wa kompyuta, na hakuna hata moja lililofaulu. Tena kompyuta nyingi zilizoambukizwa hazikuwa na XP bali Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa ingali ikihudumiwa, na kiraka chake kilikuwa kimetolewa bure tangu Machi 2017. Kiraka kilikuwapo, ila hakikushonwa. Wakaguzi wa hesabu za serikali walipochunguza waligundua kwamba Wizara haikuwa na utaratibu rasmi wa kujua kama hospitali zilitii ushauri iliozipa. Barua ilitumwa, lakini hakuna aliyerudi kuuliza.

Lazima niwe mwadilifu, ndugu msomaji. Ziko sababu za haki za kuchelewa. Mashine kubwa ya hospitali, kama ile ya MRI, hununuliwa itumike miaka mingi, na kompyuta iliyomo ndani yake huja na programu yake. Fundi wa hospitali hawezi kuigusa kabla mtengenezaji hajakubali. Mashine ingali nzima, ila programu yake imezeeka. Nani atathubutu kuitupa huku wagonjwa wamepanga foleni?

Pia iko hofu ya kubadilisha, nayo si hofu ya bure. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza, iliyokuwa na wateja milioni 5.2, ilihamisha hesabu zao kutoka mtambo wa zamani hadi mpya. Watu wakashindwa kuzifikia fedha zao, na mambo hayakutengemaa kabisa hadi Desemba. Mwaka 2022 benki hiyo ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65. Mkuu yeyote anayesikia kisa hicho hujiambia: mtambo wangu wa zamani unafanya kazi, nitauchokozea nini?

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mkuu akibadilisha mtambo na mambo yaharibike, lawama ni yake leo hii. Asipobadilisha, huenda balaa likaja miaka mitano baadaye, yeye akiwa amestaafu. Na likija, atakayerudishwa nyumbani bila kutibiwa, au ambaye siri zake zitaibwa, si yeye. Kwa hesabu ya namna hiyo hata mtu mwerevu ataacha ufa ulivyo.

Utamaduni wetu wa kuzindua nao huongeza maji katika mtungi uliojaa. Kompyuta mpya zikinunuliwa, utepe hukatwa, picha hupigwa, hotuba husomwa. Lakini ni nani aliyewahi kualikwa kwenye sherehe ya kushona viraka? Fedha za kununua hupatikana. Za kutunza ndizo hukatwa kwanza makadirio yanapopunguzwa.

Na jambo hili si la Wazungu peke yao. Tarehe 14 Oktoba, 2025, Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka 2019, inamlazimu kila anayehifadhi habari za watu azilinde ipasavyo. Maoni yangu ni kwamba sheria hiyo haitatufaa ikiwa kila ofisi haitaweka mambo matatu bayana: jina la mtu anayewajibika kwa kila mtambo, tarehe ambayo mtambo huo utastaafishwa, na fedha za kuutunza zilizotengwa tangu siku ya kuununua. Nasi wananchi tuyaulize mambo hayo hadharani, kama tunavyouliza habari za barabara na madaraja. Kwa maana ukuta huo si wa mkubwa aliye ofisini. Ni sisi tunaopita chini yake kila siku.