Mu shimo, mikono peke haitoshi: watufundishe kupuliza pumuzi pia

Kuko ile siku ya mvua ambayo sisi wote wa ku kariere tunaijua, hata kama kila mutu ana yake. Maji imeingia mu shimo mbio, watu watatu wametoka, wa ine amebaki. Wanamuvuta na kamba, wanamulaza pale inje, na kelele inaanza. Moja anasema: "Mumupindue kichwa chini, mayi itoke!" Mwingine: "Mumupige makofi, atarudi!" Mwingine amekwisha kukimbia kutafuta mafuta ya ngazi.

Siku ile niliyoiona mimi, ku kariere moja isiyo mbali na Kolwezi, kulikuwa pia kijana moja mwenye jile iliyoandikwa SECOURISTE. Alipiga magoti, akaweka mikono katikati ya kifua, akaanza kusukuma. Alisukuma muzuri, kwa nguvu, bila kusimama. Lakini hakupuliza hata pumuzi moja mu kinywa ya yule ndugu. Nyuma nilimuuliza juu ya nini. Akanijibu: "Papa, mu formasio walituambia: mikono tu, hapana kinywa."

Yule ndugu alikufa. Labda angekufa hata hivyo, alikuwa amekawia mu maji. Na kijana simulaumu hata kidogo: yeye ndiye peke yake aliyefanya kitu cha maana pale. Ninaowalaumu ni wale wanaoleta kwetu formasio iliyotengenezwa kwa vifo vya watu wengine, wanaitoa saa moja na nusu, wanagawa jile, wanapiga picha, wanaenda.

Niseme waziwazi. Hii mbinu ya mikono tu haiko uongo. Ni mbinu muzuri, na imeokoa watu wengi. Lakini tuangalie ilijaribiwa kwa nani. Mu mwaka wa 2010, masomo mawili makubwa yalitoka, moja Uswidi, lingine Marekani pamoja na Uingereza. Mutu anaanguka ku nyumba, ndugu yake anapiga simu ya dharura, na yule wa ku simu anamwambia nini afanye: nusu waliambiwa wasukume kifua tu, nusu waliambiwa wasukume na kupuliza. Ku Uswidi watu 1.276 walihesabiwa: kisha siku 30, wa mikono tu waliobaki wazima walikuwa 8,7 kwa mia, wa mikono na pumuzi 7,0 kwa mia. Ku somo lingine, watu 1.941, waliotoka hospitali wazima walikuwa 12,5 kwa mia na 11,0 kwa mia. Ni kusema tofauti ni kidogo sana, haitoshi kusema moja imeshinda. Basi waganga wakasema: kama mutu wa kawaida anaogopa kupuliza, asukume tu, ni bora kuliko kusimama akiangalia. Ni haki yao kusema vile.

Lakini musome vizuri ni nani waliwekwa pembeni ya yale masomo. Waliozama mu maji waliondolewa. Waliokosa hewa waliondolewa. Walioumia mu aksida waliondolewa. Sasa niambieni, bandugu: ukiondoa wale, kwetu ku shimo kunabaki nani? Udongo unaanguka, mutu anakosa hewa. Maji inaingia, mutu anazama. Motopompi inawashwa chini, moshi inajaza tuneli, mutu analala asiamke. Wafu wetu sisi ndio wale wale waliotolewa mu hesabu. Halafu jibu la ile hesabu linaletwa kwetu kama dawa ya kila kitu.

Tofauti yenyewe haiko ngumu, na mutu wa motopompi ataielewa kuliko profesa. Moyo ni pompi. Mutu mwenye ugonjwa wa moyo, pompi yake inasimama ghafula, lakini dakika moja mbele alikuwa anapumua muzuri: damu yake ingali na hewa ndani. Ukimusukuma kifua, unatembeza damu yenye hewa mpaka ku kichwa, na kwa dakika za kwanza inaweza kutosha. Lakini mutu aliyezama au aliyefunikwa na udongo, kwake pompi ilisimama ya mwisho. Hewa ndiyo ilikwisha kwanza, damu ikabaki tupu, kisha moyo ukachoka. Huyo ukimusukuma bila kumupulizia, unawasha pompi ku kisima kikavu.

Kwa watoto ilionekana waziwazi. Wajapani walitoa hesabu mu 2010, ya watoto zaidi ya 5.000 ambao mioyo yao ilisimama inje ya hospitali. Kwa wale wa mwaka 1 mpaka 17 ambao sababu haikuwa moyo wenyewe, waliosukumwa na kupuliziwa, 7,2 kwa mia walipona na akili nzuri. Waliosukumwa tu, 1,6 kwa mia. Mama, wewe ambaye mutoto wako anacheza karibu na mashimo ya zamani yaliyojaa maji ya mvua, au anakusindikiza ku mutoni kuosha mawe, hii namba ni yako. Mutoto ni pumuzi kwanza.

Na kwa mutu wa kuran? Hapa mikono ndiyo mukubwa, na historia yenyewe ni ya wafanyakazi. Watu wa waya wa umeme Marekani walikuwa wanakufa ku kazi, na kampuni za umeme zikalipa wanasayansi watafute dawa. Moja wao alikuwa William Kouwenhoven, enjinia wa umeme, hakuwa hata munganga. Ku Johns Hopkins, mu muji wa Baltimore, kijana aliyefanya kazi naye, Guy Knickerbocker, aliona kwamba akikandamiza vile vyuma vizito vya mashini ku kifua cha imbwa, damu inasukumwa hata kabla umeme haujapita. Pamoja na munganga James Jude wakaandika mu 1960: wagonjwa 20, na 14 wakapona, kwa mikono miwili tu juu ya kifua kilichofungwa. Mbele ya pale, waganga walikuwa wanapasua kifua ili washike moyo wenyewe. Kwa hiyo hii kitu ya "standard" tunayoiona kama kitu ya bazungu wa hospitali, ilizaliwa juu ya mutu aliyepigwa na kuran ku kazi, sawa na wewe.

Ukimukuta ndugu amepigwa na kuran: kata umeme kwanza, usimuguse mbele, kisha sukuma mara moja. Radi nayo ni vile, isipokuwa mutu wa radi hana umeme tena mu mwili wake, usiogope kumugusa. Kwake kuko neno la kujua: moyo unaweza kuanza wenyewe, lakini kupumua kunakawia kurudi. Ukimwacha bila kumupulizia, moyo ulioamuka utalala tena.

Sasa tuje ku zile mbinu zingine. Makofi, kumupindua kichwa chini, kumumwangia maji ya baridi, kumufinya tumbo ili maji itoke: hizi zote zinakula dakika, na kichwa cha mutu kinaanza kuharibika kisha dakika ine au tano bila hewa. Kufinya tumbo ni mubaya zaidi, juu vitu vya tumbo vinapanda na kuingia mu mapafu. Mafuta au maziwa mu kinywa ya mutu asiyejijua, vilevile. Nitasema hivi na wazee watakasirika, lakini wasamehe.

Kuko pia mbinu mupya za watajiri. Mu 1990 waganga wa San Francisco waliandika habari ya mutu ambaye mutoto wake alimuokoa na ile ventuzi ya kufungulia WC: anasukuma, anavuta, anasukuma, anavuta. Musicheke. Kutoka pale watu walitengeneza chombo cha kweli cha kusukuma na kuvuta kifua. Ku Paris walikiona kina faida, wakaandika mu 1999; fasi zingine walijaribu, hawakuona tofauti. Kisha zikaja mashini zinazofungwa ku kifua na kusukuma zenyewe. Somo moja la Uswidi, Uholanzi na Uingereza, la 2014, lilihesabu wagonjwa 2.589. Waliobaki wazima kisha saa ine: wa mashini 23,6 kwa mia, wa mikono 23,7 kwa mia. Ni kitu kimoja.

Ninasema hii juu kuko wakubwa wa kampuni wanaopenda kuonyesha mashini kwa wageni. Mashini ile inaweza kusaidia mu ambulansi inayoruka ku barabara yetu yenye mashimo, pale munganga hawezi kusimama na kusukuma. Sawa. Lakini kwa bei yake, ungenunua maski na baloni za kupulizia hewa za kutosha timu nyingi, na formasio ya kweli kwa kila zamu. Ile inayofaa kununuliwa, fasi kwenye kuko umeme mingi, ni mashini ya kushitua moyo, ile ndogo inayoongea na kukuambia nini ufanye. Yenyewe inafanya kazi ambayo mikono haiwezi.

Najua watu wanaogopa kinywa. Tibi iko, magonjwa iko, na mutu aliyetoka mu shimo ana udongo, damu na matapiko ku uso. Sicheki ile woga. Ndiyo maana ninasema maski: kitu kidogo cha plastiki chenye valvu, kinaingia mu mufuko wa jile. Wewe unapuliza, pumuzi yake hairudi kwako. Na kama maski haiko na roho yako inakataa, basi sukuma tu, usisimame. Mikono peke ni bora kuliko kulia.

Kwa wale ambao hawajafundishwa, niandike kwa ufupi, mukate na muweke ku ukuta. Toa udongo mu kinywa. Mulaze kwa mugongo fasi ngumu, si juu ya mifuko ya mawe. Kama hajibu na hapumui vizuri, vuta kidevu juu kichwa kirudi nyuma (kama shimo limemuangukia, fanya polepole juu ya shingo), funga pua, puliza mpaka uone kifua kinapanda, sekunde moja, basi. Kwa aliyezama au aliyekosa hewa, anza na pumuzi tano. Kisha sukuma katikati ya kifua mara 30, kishimo cha sentimetre 5 au 6, mwendo wa mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Pumuzi mbili. Tena 30. Mubadilishane kila dakika mbili, juu mutu aliyechoka hasukumi tena, anapapasa.

Na mbele ya yote: usishuke. Moshi ya motopompi yenye kuua haina harufu yake yenyewe. Wa kwanza analala, wa pili anashuka kumuchukua, wa tatu anashuka kuchukua wa pili. Mara ngapi tumezika ndugu watatu wa nyumba moja kwa namna ile? Zima motopompi, ingiza hewa, na mutu yeyote anayeshuka afungwe kamba yenye watu juu. Hakuna mbinu ya kufufua inayofaa kitu kama wanne wamelala chini na hakuna mutu juu.

SAEMAPE kazi yake ni kusaidia na kufundisha wachimbaji wadogo. Kooperative zinakata pesa ku kila mufuko. Kampuni zinapita mu redio kusema zinajali usalama. Mimi siombi hospitali mu kila kariere. Ninaomba formasio ya siku moja nzima, yenye mudoli wa kusukuma na kupulizia, mu Kiswahili yetu, irudiwe kila mwaka mbele mvua haijaanza. Na maski mbili ku mulango wa kila kariere, karibu na fasi ya kupima mawe, kwenye kila mutu anapita.

Yule kijana wa jile nilikutana naye tena. Alijilipia mwenyewe safari mpaka Lubumbashi, munganga moja rafiki yake akamuonyesha kupuliza ku mudoli. Aliniambia kilichomushangaza ni vile pumuzi inayotakiwa ni kidogo: hapana kupuliza sawa mutu anawasha moto ya makala, ni kuangalia kifua tu, kikipanda unaacha. Sasa ana maski moja. Wako watu zaidi ya mia tatu ku kariere yake.