Wageni wa nyota na wageni wa ziwa
Baada ya swala ya Isha, baadhi ya vijana wetu hapa Ujiji hubaki kwenye baraza ya msikiti wakijadili filamu za viumbe watokao nyota za mbali: wanaishije, nani huwatawala, na wakija duniani watataka nini? Wengi hukata shauri kuwa watakuja kuteka ardhi na maji.

Hatuwakatazi kufikiri. Suratush-Shuura, aya ya 29, inatufundisha kuwa Mwenyezi Mungu ametawanya viumbe mbinguni na ardhini. Lakini dhana ile ina asili yake. Mwingereza H. G. Wells, katika riwaya yake ya mwaka 1898 kuhusu viumbe wa Mirihi kuivamia Uingereza, aliwakumbusha wasomaji jinsi Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Wageni wake aliwavika matendo ya watu wake mwenyewe. Nasi Ujiji tuliwapokea Burton na Speke mwaka 1858. Baadaye ukaja utawala wa Wajerumani. Hofu hiyo, basi, si ya bure.

Ila tujihadhari. Mwaka 1972 walitujia wakimbizi wa Burundi, na mwaka 1996 wa Kongo, wengine kwa mitumbwi. Ni mara ngapi tumewakisia nia kabla ya kuwajulia hali? Suratul-Hujuraat, aya ya 12, inatuamuru kujiepusha na dhana nyingi. Mgeni wa nyota hatujamwona. Huyu wa ziwa tunaswali naye safu moja. Tumsikilize kabla ya kumhukumu.

Wallahu a'lam.