Maziwa Hayatambulishi Kabila la Mtu

Ndugu msomaji, huenda umekwisha kusikia maneno haya hapa Luvungi, au mahali pengine njiani kati ya Bukavu na Uvira: "Yule akinywa maziwa tumbo lamharibikia, basi si mtu wa ng'ombe." Na mwingine akimaliza kibuyu kizima bila taabu, watu husema, "Huyo tumekwisha kujua alikotoka." Wengine hucheka tu. Lakini katika nchi zetu maneno ya damu na kabila yameua watu. Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo lenyewe jinsi lilivyo.

Ndani ya maziwa kuna sukari yake, iitwayo laktozi. Maziwa ya ng'ombe yana gramu 5 hivi katika kila gramu 100, na maziwa ya mama yana 7 hivi. Sukari hii haiwezi kuingia katika damu mpaka ikatwe vipande viwili. Kisu chake ni kitu kiitwacho laktasi, kinachotengenezwa na utumbo mwembamba. Watoto wachanga wote wanacho, isipokuwa wachache mno. Lakini kwa watu walio wengi duniani, karibu theluthi mbili, kisu hicho hupunguka baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Mtu mzima wa namna hiyo akinywa maziwa mengi, sukari hushuka hata utumbo mpana, na vijidudu vikaavyo humo huichachusha. Ndipo tumbo hujaa upepo, hunguruma, huuma, na mtu huhara. Si ugonjwa. Si sumu, wala si jicho la jirani. Mwili wa binadamu ndivyo ulivyokuwa tangu zamani, na wa kustaajabiwa ni yule ambaye kisu chake hakikupunguka.

Huyo amerithi badiliko dogo mno, mfano wa herufi moja iliyobadilika katika kitabu kikubwa. Badiliko la watu wa Ulaya lilitambuliwa mwaka 2002. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudani, walionyesha kwamba wafugaji wa Afrika ya Mashariki wana mabadiliko yao wenyewe, hawakuyapata kwa Wazungu. Yalianza huku huku Afrika katika miaka elfu chache iliyopita, yakaenea kati ya watu wenye ng'ombe.

Na sisi wa Kivu je? Mwaka 1974 Cox na Elliott walitangaza kazi yao ya kuwapima watu wa pande za ziwa letu. Watutsi waliopimwa, karibu wote waliiweza sukari ya maziwa. Wahutu wa Rwanda, karibu nusu waliiweza na nusu hawakuiweza. Bashi, karibu wote hawakuiweza.

Angalia sana hapo. Bashi ni watu wa ng'ombe! Kwa ng'ombe hutoa mahari, na maziwa ni chakula cha heshima nyumbani mwao. Lakini wao huyagandisha wakala mashanza, kama vile Wanyarwanda wanywavyo kivuguto. Maziwa yakichacha, vijidudu vyake huwa vimekwisha kula sehemu ya sukari. Akina mama kwa vibuyu vyao wakafanya kazi ambayo utumbo haukuifanya. Basi asemaye kwamba mtu wa ng'ombe hujulikana kwa tumbo lake, amekosa tangu mwanzo.

Tena fikiri juu ya hao Wahutu, nusu kwa nusu. Kikombe cha maziwa kingewaweka upande gani? Badiliko hili likitoka kwa mzazi mmoja tu, latosha. Kama baba amelirithi kwa mzazi wake mmoja, na mama hana, kila mtoto wao aweza kulipata au kulikosa, kama kurusha sarafu. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja atakunywa na kushiba, mwenzake atakimbilia choo. Je, utawagawa makabila mawili? Hata mtu asiye na laktasi huweza kunywa kikombe kimoja pamoja na chakula asisikie neno lo lote. Mimi nasema wazi kwamba kumwita jirani mgeni kwa sababu ya maziwa, au kumsifu mwingine kuwa ana damu bora, ni ujinga wenye hatari.

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaosumbuliwa, usiyachukie maziwa. Kunywa kidogo, nusu kikombe, pamoja na bugali au wali, au kula yaliyoganda. Kuchemsha hakuondoi sukari, na maziwa ya unga yanayo ile ile. Lakini lazima uchemshe, maana maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na homa ya ng'ombe iitwayo bruselosi. Chemsha kwanza, yapoe, ndipo uyagandishe. Asiyeyaweza kabisa atajengewa mifupa na ndagala wanaoliwa pamoja na miiba yao, na maharagi na sombe vitamsaidia.

Nawe mama, usimwachishe mtoto mchanga ziwa kwa ajili ya habari hii. Yeye kisu chake anacho. Akihara, endelea kumnyonyesha na kumpa maji ya chumvi na sukari ya dawa. Mtoto aliyehara sana huweza kushindwa na maziwa ya ng'ombe kwa siku kadha wa kadha, kisha utumbo hupona. Lakini ukiona damu katika choo, au homa, au macho yamedidimia, au hataki tena kunyonya, usikae nyumbani kubishana juu ya maziwa. Mlete hospitali siku hiyo hiyo.