Turbo haijafa, fundi hajafungua

Hivi kwa nini sisi tuliosoma tunaogopa kufungua boneti? Gari la dizeli la mjomba wangu liliishiwa nguvu, kila likipanda mlima moshi mweusi. Fundi akasikiliza dakika mbili, hakufungua hata klipu moja, akatoa hukumu: turbo imekufa, nunua nyingine. Mjomba akaanza kupigia hesabu ada ya binti yake.

Nikamwambia, mjomba, subiri kwanza.

Turbo si uchawi jamani. Moshi wa ekzosi unazungusha feni upande mmoja, na feni ya upande wa pili inasukuma hewa kwenda kwenye injini kupitia mipira na intakula. Mpira ukipasuka au klipu ikilegea, hewa inavuja njiani, dizeli inakosa hewa ya kuungua nayo, na ndiyo huo moshi mweusi. Turbo yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa!

Tukaanza na vya bure. Injini imezimwa, imepoa. Tukavua mpira unaotoka kwenye filta ya hewa, tukaishika feni kwa vidole. Kucheza kidogo pembeni ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakikwaruza ukuta, hapo turbo ina kesi ya kujibu. Ya mjomba haikuwa nayo. Tukakagua kale kampira kembamba kanakoenda kwenye kidhibiti cha presha, kazima. Tukapapasa mipira mikubwa mmoja mmoja. Ufa tukaukuta chini ya mpira wa intakula, mahali usipopaona bila kuinama.

Najua utetezi wao: "Mashine ilisoma P0299." Sawa, namba hiyo inasema presha ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Haisemi mkosaji ni nani. Mimi mwandishi nikimtaja mtu mwizi bila ushahidi naburutwa mahakamani. Fundi akibashiri, analipwa.

Na hata turbo ikiwa imekufa kweli, uliza imeuawa na nini. Nyingi huuawa na oili chafu au pungufu. Ukifunga mpya bila kusafisha njia ya oili, unaipeleka kaburini ileile.

Mafundi waaminifu wapo, siwatukani. Lakini wabashiri tunawalea sisi wenyewe wenye digrii, tunaokabidhi funguo na kusema "we angalia tu". Kesho ukiambiwa turbo imekufa, sema neno moja: nionyeshe.