MAMA, MUDI HAIJI KWANZA

Sehemu ya 1

Najua unasoma hii mtoto yuko ziwani, simu mkono wa pili, mwanga umeupunguza ili baba watoto asiamke. Nitaandika kwa vipande, usome ukipata nafasi.

Leo sina somo la chanjo. Leo nina ugomvi. Nagombana na wanaokwambia kipaji chako kimelala kwa sababu hujapata msukumo. Nagombana na wewe pia kidogo, maana umewaamini. Na mbele huko nitagombana na huyo aliyelala pembeni yako, kwa hiyo usimfiche posti hii.

Imeanza hivi. Wiki iliyopita niliweka picha ya kitambaa cha kochi nilichofumiwa na jirani yangu hapa Nyasubi. Mkajaa chini. "Nesi, hata mimi nilikuwa nafuma, siku hizi sina mudi." "Mimi nilikuwa naimba kwaya." "Nilikuwa nashona." Mmoja alikuwa anachora, mwingine alikuwa anatunga mashairi tangu sekondari. Nilikuwa, nilikuwa, nilikuwa. Nikaingia kwenye kurasa zenu kuangalia umri. Miaka 24. 27. 31. Jamani, "nilikuwa" ya nini kwa mtu wa miaka 24?

Sehemu ya 2

Wodi ya wazazi, siku ya kwanza au ya pili baada ya kujifungua, kuna sentensi naisikia karibu kila zamu: "Nesi, maziwa hayajatoka, nasubiri yatoke ndo nimnyonyeshe." Na pembeni bibi ameshakoroga maji ya sukari kwenye kikombe. (Bibi, nakuona. Weka chini hicho kikombe.)

Jibu langu ni lile lile kila siku. Maziwa hayakai kifuani kama kwenye simtanki yakisubiri mtu afungue koki. Mtoto anaponyonya, ujumbe unapanda kwenye ubongo, ubongo unaachia homoni, na hiyo homoni ndo inaagiza maziwa yatengenezwe. Asiponyonya, hakuna oda. Ndo maana tunakusumbua: mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, hata kama unaona matone mawili tu ya njano. Hayo matone ni dawa na ni chakula, na tumbo la mtoto siku hiyo ni dogo mno. Anayesubiri maziwa yajae ndo amweke mtoto, kule kusubiri kwenyewe ndo kunayachelewesha.

Sasa hamisha maneno hayo uyaweke kwenye kufuma, kutunga, kuchora, kuimba. Unasubiri hamu ije ndo ushike uzi. Haiji. Unajiambia basi, kipaji kimeisha. Hakijaisha, hujakiweka ziwani.

Na cha kwanza utakachofanya baada ya miaka mitatu ya kimya utakidharau, kama watu wanavyodharau yale maziwa ya njano wakayakamulia chini. Wimbo wa mistari minne. Kitambaa kimepinda upande. Usikitupe.

Mimi naandika hadithi za watoto. Kati ya mtoto wangu wa kwanza na wa pili nilikaa miaka minne bila kuandika hata ukurasa. Nilikuwa nasema nasubiri nitulie. Nitulie wapi, mtu mwenye zamu za usiku na watoto? Siku moja maharage yako jikoni, nimekaa kwenye kigoda, nikaandika mistari sita kuhusu fisi aliyekwenda kliniki kupima uzito. Haikuwa nzuri, wala sikuwa na mudi. Nilikuwa nasubiri maharage. Kesho yake niko kwenye bajaji naenda kazini, ghafla nikajua fisi alimjibu nini nesi alipoambiwa apande kwenye mzani. Nikacheka peke yangu, dereva akanitazama kwenye kioo. Miaka minne nilikuwa namsubiri fisi aje ndo nianze kuandika, kumbe naye alikuwa ananisubiri mimi.

Sehemu ya 3

Mwaka juzi nililipa shilingi 20,000 kuingia ukumbini kumsikiliza mhamasishaji. Simtaji, wako wengi na wanafanana. Aliongea vizuri. Tulisimama, tukashika bega la jirani, tukaambiana "wewe ni simba". Nililia, sifichi. Nikanunua na kitabu, 15,000 nyingine.

Nikarudi nyumbani nawaka moto. Nikakuta ndoo hazina maji, mdogo anachemka homa, sare ya kazi haijafuliwa. Kufika Jumatano moto umezima. Na unajua nilijilaumu nani? Mimi. Nikasema, nimepewa maneno yote yale na bado nimeshindwa, basi mimi ndo mbovu.

Hapo ndo biashara yao ilipo. Ukiwaka, wamekuwasha wao. Ukizima, umejizima mwenyewe. Na semina nyingine iko mwezi ujao.

Halafu ile video inayozunguka kwenye magrupu: amka saa kumi alfajiri dunia ikiwa imelala, utimize ndoto. Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu ameamka saa sita, ameamka saa nane, na hiyo saa kumi yako yuko macho anabadilisha nepi. Unamwambia aamke aende wapi? Katika saa tatu za semina ile, na ukumbi ulikuwa umejaa wanawake, hakuna aliyegusa swali la nani atamshika mtoto.

Sehemu ya 4

Mliokulia vijijini kwetu mnaijua Bugobogobo, ngoma ya jembe. Hebu ifikirie vizuri. Watu hawakukaa nyumbani wakingoja moyo wa kulima uwaingie. Waliinua majembe, ngoma ikapigwa hapo hapo shambani, jembe likafuata mdundo, hamu ikawakuta wameshamaliza matuta mawili. Hao Bagika na Bagalu walioshindana kwa nyimbo na ngoma vizazi na vizazi walikuwa wakulima na wafugaji, watu wenye udongo kwenye kucha. Siku ukipata nauli wapeleke watoto makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, wakaone vitu vya babu zao.

Na sio Wasukuma tu. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, miaka ya 1880, kwenye nyumba ya wafinyanzi. Shule hakwenda. Alizunguka akinadi vyungu, na sauti ile ilikomaa kwenye kunadi. 1911 akahamia mjini, 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, ambaye naye kwa miaka mingi alikuwa karani wa serikali, mtu wa kuingia ofisini na kutoka.

Ila nampenda zaidi Edward Saidi Tingatinga, kwa sababu yangu mwenyewe. Mzaliwa wa Tunduru, 1932. Akaenda Dar kutafuta maisha, akafanya kazi za mikono za kila aina. Kwenye 1968 hivi akaanza kuchora wanyama na ndege, rangi ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Hakusubiri turubai ya Ulaya. Na aliwahi kufanya kazi Muhimbili kama mhudumu wa wodi. Ndiyo, mwenzetu kabisa! Alifariki 1972, kwa hiyo uchoraji wake wote ni miaka kama minne tu, na mpaka leo picha za aina hiyo zinaitwa kwa jina lake.

Sasa niulize nani alikuwa anaziuza hizo picha. Mke wake, Agatha, pale Morogoro Stores, Oysterbay.

Rudia kusoma hapo. Mume anachora, mke yuko barabarani anauza. Vizuri sana, ndo ndoa. Sasa wewe mke ukichora, nani anauza? Nani anashika mtoto?

Sehemu ya 5

Hii ni ya nyumba nzima. Mpe simu asome.

Kwenye lile somo la maziwa niliacha nusu. Kunyonya kunatengeneza maziwa, sawa. Lakini ili yashuke kuna homoni ya pili, na hiyo haipendi fujo. Mama akiwa na hofu, akiwa na maumivu, akigombezwa, maziwa yanakuwepo ila yanagoma kushuka. Ndo maana nimeshawatoa nje ya wodi ndugu kadhaa waliokuja kumsema mzazi juu ya kitanda. Kwa hiyo nilipokwambia anza bila mudi, nilikupa wewe nusu ya kazi. Nusu nyingine sio yako.

Kuna mama mmoja (nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane) alikuwa anatungia nyimbo kwaya ya kanisani kwao. Alikuwa na kaunta buku lake, ameandika nyimbo 11. Akaenda kujifungua wa pili, kwa upasuaji, akakaa siku kadhaa. Aliporudi alikuta kaunta buku limebaki jalada. Kurasa zilikuwa zinawashia jiko la mkaa. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hilo ndo linaloniuma. Mtu alitaka karatasi, akaona karatasi. Angekuta hati ya kiwanja asingeichana. Angekuta mkeka wa kubeti wa baba mwenye nyumba, angeuliza kwanza.

Alinisimulia huku anacheka. Katikati akaacha kucheka.

Mume wake ni mchimbaji, anaondoka wiki mbili anarudi siku mbili tatu. Najua kazi ya shimoni, tunawapokea wakiumia. Akirudi ana haki ya kupumzika. Ila Jumapili mpira ukianza, dakika 90, nyumba nzima inanyamaza. Mtoto akilia anatolewa nje. Hakuna anayemuuliza hiyo mechi itamwingizia shilingi ngapi. Mama akiomba nusu saa ya kufuma, anaulizwa, "Huna kazi?"

Kaka yangu, shemeji, baba watoto: nusu saa, mara tatu kwa wiki. Mbebe mtoto, toka naye nje, kaonane na majirani. Usiite hiyo kumsaidia mama, mtoto ni wako. Usirudi kuuliza nepi ziko wapi. Na daftari lake lipate sehemu ya juu kabatini, na watu wote wa nyumba waambiwe kwa sauti kwamba hilo halichanwi. Ukifanya hayo tu, umemfanyia zaidi ya semina yangu ya 20,000.

Wewe usiye na baba watoto karibu, au uliye naye na hasikii, huna haja ya kumngojea. Wanawake wawili mnaolea mtaa mmoja mnaweza kupokezana. Jumanne unawashika wake, Alhamisi anawashika wako. Ndivyo mimi na jirani yangu tunavyofanya. Kile kitambaa cha kochi kilitoka kwenye Alhamisi zake.

Sehemu ya 6

Majibu ya mlioniandikia tangu jana.

Mama mkwe mmoja ameandika: sisi tulilea watoto tisa, hatukuwa na muda wa vipaji. Shikamoo mama. Kwa heshima zote, zile nyimbo za kuwabembelezea hao tisa, yale majina uliyokuwa unachomeka katikati, ulinunua wapi? Vikapu je, na urembo wa kwenye kata ya kubebea maji? Ulikuwa mtunzi miaka yote hiyo, ila hakuna aliyekupa jina hilo, na sasa unataka mkwe wako naye anyimwe.

Aliyesema kipaji hakilipi bili: ni kweli, mara nyingi hakilipi. Hadithi zangu za fisi hazijaniletea hata mia. Sijasema utatajirika, hao ni wale wa ukumbini. Nasema binti yako anakuangalia. Akikuona unafanya kitu kwa sababu unakipenda, atajua kwamba mama ni mtu.

Na mmoja ameniandikia inboksi usiku wa manane, na wengine mtakuwepo kama yeye, kwa hiyo nasema hapa. Kama umejifungua na zaidi ya wiki mbili unalia bila sababu, hulali hata mtoto akilala, hakuna kinachokufurahisha, humtaki mtoto, au unawaza kujidhuru au kumdhuru yeye, haya yote niliyoandika usijilazimishe nayo. Huo sio uvivu, wala sio kukosa mudi. Inaweza kuwa sonona, ni ugonjwa na unatibika. Usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, mwambie nesi kama ulivyoniambia mimi. Na kama hayo mawazo ya kudhuru yapo sasa hivi, mwamshe mtu hapo ndani, sasa hivi, usikae peke yako, akupeleke hospitali usiku huu huu.

Nimeandika hii yote kwenye kigoda, maharage yanatokota na michembe iko sufuria ya pili. Kesho naingia usiku, sitajibu haraka. Hapo chini usiniandikie "nilikuwa". Niandikie cha leo, hata kama ni mistari miwili, hata kama umefuma ukakosea ukafumua.