Ufunguo Uliochongwa Kabla ya Kufuli Kuonekana

Andazi hugeuka kahawia kikaangoni kwa sababu sukari na protini zimeshikana kwa moto. Mwilini jambo kama hilo hutokea taratibu, kwa miaka: sukari ya damu hung'ang'ania nyuzi za protini iitwayo kolajeni, kisha nyuzi mbili zikatiwa pingu moja. Mshipa mkubwa uliokuwa ukitanuka kila moyo unapodunda hukakamaa, presha ya juu hupanda, na vichujio vya figo hupokea kishindo chote. Mwenye kisukari hufika huko mapema.

Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya jaribio la alagebriamu, dawa ya kampuni ya Marekani, Alteon, iliyokusudiwa kukata pingu hizo, kwa watu 93. Baada ya wiki 8, wepesi wa mishipa kutanuka uliongezeka kwa asilimia 15 kwa walioimeza, ilhali haukubadilika kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa. Kufikia 2009 kampuni, wakati huo ikiitwa Synvista, iliishiwa fedha na majaribio yakakatizwa. Wengi huilaumu mifuko mitupu. Kwangu kosa lilitangulia: dawa ilifika kwa wagonjwa kabla haijajulikana vizuri inakata pingu ipi. Pingu iliyojaa zaidi katika kolajeni ya wazee ni glukosipeni, na hakuna ushahidi kwamba alagebriamu huikata. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Yale waliiunda glukosipeni maabara mwaka 2015 tu.

Itasemwa kwamba Waholanzi walishafunga mjadala mwaka 2011, wagonjwa 102 wa moyo walipogawanywa kati ya alagebriamu na vidonge visivyo na dawa kwa wiki 36, na alagebriamu isilete nafuu. Walichofunga ni faili la dawa hiyo kwa wagonjwa wale. Hoja nzito zaidi ni kwamba vidonge vya sukari na presha vipo, tena kwa bei nafuu. Ni kweli, na asiviache mtu. Ila havikati pingu zilizokwisha kufungwa, na kolajeni ya mshipa hudumu miaka mingi. Isitoshe, mwili wenyewe hufunga kolajeni kwa makusudi ili iwe imara, kwa hiyo mkasi butu ungelegeza hata panapotakiwa kukaza. Ndiyo maana fedha za umma ziende kwanza kwenye kemia ya vimeng'enya vinavyolenga glukosipeni peke yake, na majaribio yajayo yachague wagonjwa kwa kupima kasi ya mpigo kutoka shingoni hadi kwenye paja, kipimo cha ukakamavu wa mishipa.